Siku moja maishani mwangu: kubana matumizi Mombasa bila kuacha kutoa zawadi

Siku yangu ya kazi huanza saa kumi na moja alfajiri, na huanzia jikoni, kwa sababu nyumba ya watu watano inayotegemea mshahara wa karani pamoja na vibarua vya fundi umeme hupoteza au huokoa pesa nyingi zaidi jikoni kuliko mahali pengine popote. Mbaazi nilizoloweka tangu jana usiku zimekwisha kufura, hivyo zitaiva kwa mkaa mchache kuliko zile zinazotiwa chunguni zikiwa kavu. Nazi moja naikuna kwenye mbuzi na kuikamua mara mbili: tui jepesi ndilo ninalochemshia mbaazi, na tui zito nalitia mwishoni, moto ukiwa umepungua, ili lisikatike. Machicha huenda kwa kuku wa jirani wa nyumba ya tatu, ambaye mara kwa mara hututumia mayai, na hakuna kati yetu anayeweka hesabu.

Nayaeleza haya ya jikoni kwanza kwa kuwa ndiko zinakotoka pesa za zawadi. Sina akiba nyingine ya kutolea. Chakula ninachobeba kwenda nacho kazini kimechukua nafasi ya sahani ya hotelini, na ile tofauti ya bei naitenga kila mwisho wa wiki katika bahasha maalumu kabla haijamezwa na mambo madogo madogo. Kwa mwezi wa kawaida bahasha hiyo hukusanya kama shilingi 1,500. Ndani ya kiasi hicho lazima watoshe waliojifungua, wanaooa, waliofiwa, waliofaulu, wazee wetu, na watoto wa ndugu zangu. Wapo wanaoamini kwamba mtu anayehesabu vijiti vya kiberiti hawezi kuwa mkarimu. Mimi naona kinyume chake, kwa sababu asiyejua pesa yake imekwenda wapi ndiye hufika arusini mikono mitupu, au hukopa ili asionekane mnyonge mbele za watu.

Saa kumi na mbili kasorobo naondoka nyumbani Kisauni. Nikichelewa nusu saa tu, foleni ya Daraja la Nyali huwa imekwisha kujikunja na makondakta wamekwisha kupandisha nauli, na siku ya mvua hupanda zaidi. Ndani ya matatu natoa daftari dogo ambalo kila mtu wa karibu nami ana ukurasa wake. Ndani yake naandika mambo ambayo mtu huyo ameyasema mwenyewe wakati hakuna aliyezungumzia zawadi: kwamba shemeji yangu anasumbuliwa na macho akisoma msahafu usiku, kwamba binti wa dada yangu amependa rangi ya samawati, kwamba shangazi amechoka na sufuria zisizo na mifuniko. Mtu akiulizwa ana kwa ana anahitaji nini, kwa heshima hujibu kwamba hahitaji kitu. Lakini katika mazungumzo ya kawaida, akiwa anachambua mchele au anasubiri maji, husema kila kitu, na anayemsikiliza huwa ameshapata nusu ya zawadi.

Leo ni Jumatano, na ukurasa nilioufungua ni wa jirani yangu wa chumba cha pili katika ploti yetu. Alijifungua baada ya kungoja kwa miaka mingi, na Jumamosi anatimiza arobaini yake. Nimeandika kwamba leso zake karibu zote zimechakaa, kwamba taa ya chumbani mwake humulika mno na humwamsha mtoto anaponyonyeshwa usiku, na kwamba uji wa pilipili manga ndicho chakula pekee anachokifurahia tangu alipojifungua.

Kuanzia saa mbili niko ofisini. Kampuni yetu hushughulikia utoaji wa mizigo bandarini Kilindini, na kazi yangu ni kulinganisha nyaraka: hati ya shehena, ankara, tamko la forodha na stakabadhi za ushuru. Shehena ikishushwa hupewa siku kadhaa za bure, na siku hizo zikipita gharama za uhifadhi huanza kuhesabiwa, hata kama kilichokosekana ni karatasi moja tu. Kazi hii ndiyo iliyonifundisha kwamba kuchelewa kuna bei yake, na kwamba mara nyingi hulipa zaidi yule mwenye kidogo. Zawadi inayonunuliwa siku ya shughuli yenyewe hununuliwa kwa bei yoyote itakayotajwa, dukani palipo karibu, na kwa kawaida huwa ni kitu ambacho mwenye shughuli tayari anacho. Ndiyo maana glasi za seti hurundikana kabatini mwa maharusi.

Saa nne hutengwa kwa chai, na leo mazungumzo ya chai yalikuwa mazito. Mama anayetuhudumia ofisini, ambaye sote humwita mama kwa kuwa ametuzidi umri na subira, binti yake amepata nafasi katika sekondari ya bweni. Kijana mmoja wa idara ya usafirishaji alikuwa amekwisha kufungua kikundi cha michango kwenye simu, na pendekezo lililokuwa likikubalika lilikuwa keki kubwa, kadi, na bahasha ya pesa zitakazobaki. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kuchangia kumekuwa kwepesi, na wepesi huo umeokoa watu wengi katika misiba na maradhi. Lakini umetuzoesha pia kudhani kwamba ukishatuma tarakimu umeshamaliza wajibu wako kwa mwenzako.

Niliomba, kwa upole, tumwombe mama atuletee orodha ya mahitaji kutoka shuleni. Aliitoa mkobani mwake papo hapo, imekunjwa mara nne, na pembeni mwa karibu kila mstari ameweka alama ya kuuliza kwa kalamu ya risasi: sanduku la bati, godoro, blanketi, shuka za jozi mbili, ndoo, viatu vyeusi, kufuli, vitabu vya mazoezi. Ilibidi tuione orodha ile ndipo keki isahaulike. Mhasibu alisema ana sanduku la mwanawe aliyemaliza shule, na kwamba linahitaji rangi tu. Dereva alichukua ndoo na kufuli. Watatu waliungana kwa ajili ya godoro. Bosi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alichukua viatu. Mimi nilichukua jambo ambalo halimo katika orodha lakini kila aliyesoma bweni analijua, nalo ni kushona jina la mwanafunzi kwenye kola za sare, shuka na taulo, ili zisipotee kwenye kamba za kuanikia. Gharama yake ni vibiringo viwili vya uzi na saa chache za usiku. Sioni kama mchango wangu ni mdogo kuliko wa godoro, wala sitaki mama auone hivyo, na ndiyo maana tumekubaliana vitu vyote vitakabidhiwa kwa pamoja bila kutaja nani ametoa nini.

Saa saba mchana nilikula wali na mbaazi kwa haraka, kisha nikatembea kuelekea Mtaa wa Biashara. Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu kununua leso ni kazi yenye elimu yake, na mtu mwenye pesa kidogo akiijua elimu hiyo hapunjwi. Nilikwenda katikati ya wiki na mbali na Idi makusudi, kwani siku za kukaribia sikukuu wanunuzi husongamana na bei hazisikii maombi. Jambo la kwanza nililotazama lilikuwa kitambaa. Leso huuzwa kwa doti, vipande viwili vikiwa bado havijatenganishwa, na kwenye ukingo usiokungwa huwa pana nyuzi zilizochomoza. Kwa ruhusa ya muuzaji nilichomoa uzi mmoja tukautia moto nje ya duka. Uzi wa pamba huungua na kuacha jivu laini lenye harufu ya karatasi, na ule wa plastiki huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Leso ya kwanza niliyoipenda kwa macho iliacha kitone. Ilikuwa rahisi zaidi, na ingependeza kwenye picha, lakini ngozi ya mtoto mchanga katika joto la Mombasa haivumilii kitambaa kisichonywa jasho.

Jambo la pili lilikuwa jina. Leso ina pindo linaloizunguka, ina mji wa katikati, na ina maneno, na kwetu sisi watu wa pwani maneno hayo huhesabiwa kuwa yamesemwa na aliyetoa. Doti moja nzuri ya rangi ya machungwa iliandikwa «Usisafirie nyota ya mwenzio». Ni maneno ya hekima, lakini jirani akimpa jirani, majirani wengine watatafuta kisa. Nyingine iliandikwa «Japo sipati tamaa sikati». Niliishika kwa muda, kwa sababu inamweleza mwanamke huyu kwa haki kabisa, kisha nikairudisha, kwa kuwa sitaki kila anapojifunga leso yangu akumbushwe miaka aliyokuwa akingoja. Nilichukua yenye maneno ya kawaida kabisa, «Hakuna kama mama», ya kijani na nyeupe, pamba tupu. Pindoni imeandikwa «Mali ya Abdulla», alama ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak iliyoanza hapa Mombasa mwaka 1887, ambayo nyanya yangu aliitafuta kwanza kabla ya kutazama kitu kingine. Tulianzia shilingi 700 tukakubaliana 550. Sikumbana muuzaji zaidi ya hapo, kwani naye ana kodi ya kulipa, na kubana matumizi hakumaanishi kumnyang'anya mwenzako faida yake ya siku.

Mafundi walioketi na vyerehani barazani wangeitenganisha na kuikunga kwa dakika chache na kwa pesa ndogo, na kwa siku nyingine ningewapa kazi hiyo kwa moyo mmoja. Leso hii nilitaka niikunge mwenyewe.

Alasiri ilipita kwa nyaraka. Saa kumi na moja jioni nilitoka, na nikashuka Kongowea badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani. Saa hizo wachuuzi wenye bidhaa zisizolala hupunguza bei. Nyanya zilizominyika kidogo, ambazo hazifai kachumbari lakini zinafaa kabisa mchuzi, huuzwa kwa fungu kubwa. Nilinunua pia pilipili manga nzima, maana ya kusagwa hupoteza ukali na ni vigumu kujua imechanganywa na nini, pamoja na iliki kidogo na maembe mabichi. Maembe yakijaa sokoni natengeneza achari kwa wingi. Nayakata, nayatia chumvi, nayaanika, kisha nayapika kwa siki, sukari na pilipili, na kuyahifadhi katika chupa za jemu tulizozimaliza na kuzichemsha vizuri. Chupa hizo ndizo zawadi zangu za ghafla kwa mwaka mzima, mgeni anapokuja bila taarifa au ninapoalikwa mahali ambapo si adabu kwenda mkono mtupu. Tangu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, nimezitia katika vikapu vya miyaa, na kikapu chenyewe hubaki kuwa zawadi ya pili.

Saa moja na nusu, baada ya magharibi na chakula cha watoto, nilikata doti katikati na kuanza kukunga. Ukingo hukunjwa mara mbili, ukawa mwembamba kama kijiti, na mishono hushikwa karibu karibu ili usifumuke kwa kufuliwa kila siku. Kesho nitaziloweka leso zote mbili katika maji matupu, nizifue na kuzianika, kisha nirudie tena Ijumaa, mpaka ule ugumu wa kiwandani utoke. Najua kwamba leso iliyofuliwa haing'ari kama mpya, na wako watakaoitazama na kudhani imetumika. Hilo halinisumbui, kwa sababu mtoto wa siku arobaini anahitaji kitambaa laini, na mama yake ataikuta tayari kwa kazi badala ya kuongezewa mzigo wa kufua. Leso moja itakuwa kifungashio: ndani yake nitaweka pilipili manga, iliki, sabuni ya mche na kashata za nazi, kisha nifunge fundo. Kwa jumla, mambo yote hayo hayatafika shilingi 900.

Mume wangu alirudi saa tatu. Nilimweleza habari ya taa, naye bila kusubiri Jumamosi alichukua bisibisi na taa ndogo aliyobakiwa nayo kutoka kazi ya mwezi uliopita, akapiga hodi kwa jirani mlango uliofuata. Mume wa jirani, baba wa mtoto, alimshikia tochi. Waliifunga taa hiyo chini, pembeni mwa kitanda, na swichi yake wakaiweka mahali ambapo mama anaweza kuifikia bila kumweka mtoto chini.

Nilipokuwa nikimalizia pembe ya mwisho ya leso, mama mkwe alipiga simu kutoka Malindi kutujulia hali. Katika maongezi akataja kwamba mbuzi yake imelegea mguu na kwamba siku hizi anakuna nazi akiwa ameiegemeza ukutani. Tulipomaliza kuzungumza, mume wangu alisema seremala wa mtaa wa nyuma ana vipande vya mti wa mwembe na anaweza kuchonga mguu mpya kwa shilingi 200. Shule zitafungwa mwezi ujao, na mwanangu mkubwa, ambaye atakwenda kwa bibi yake, ndiye atakayeupeleka na kuupachika.