Kovu la nanchaku

Kinyozi wangu hupunguza kasi kila akifika juu ya jicho langu la kushoto. Pana kovu pale, dogo kama punje ya mchele, na kinyozi mpya lazima aulize: ajali hiyo, mzee? Nikisema ni nanchaku, ile silaha ya vijiti viwili vilivyoungwa kwa mnyororo, kijana hucheka. Akiwa wa rika langu hacheki. Huinama akanionyesha la kwake.

Hakuna aliyenipiga. Nilijipiga mwenyewe mwaka 1988, Tanga, nyuma ya jiko la bibi yangu.

Miaka ile huku Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Tulisubiri hadi 1994. Picha tulizitazamia kwenye banda la video: ukuta wa mabati, magunia dirishani ili mwanga usipenye, na deki iliyochemka mpaka mwenyewe akaipepea kwa kipande cha boksi. Watoto tulikaa chini, mchangani. Majina ya picha hatukuyajali. Tulijua kuna stelingi, kuna adui, na kuna sheria moja tu: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini ukimwona amefumba macho ujue mkanda bado uko katikati.

Bruce Lee alikuwa stelingi wa mastelingi. Tulimzoea kwa ngumi na mateke, ndiyo maana siku alipochomoa vile vijiti viwili vyenye mnyororo banda zima lilisimama, na mwenye deki akatufokea tukae. Rambo naye tulimpenda, ila bunduki ya Rambo utaipata wapi? Nanchaku ilikuwa jikoni kwetu. Yaani mbao yake ilikuwa jikoni kwetu.

Bibi alikuwa na mwiko wa shughuli, ule mrefu wa kukorogea pilau ya sufuria kubwa, unaoazimwa mtaa mzima kukiwa na harusi au hitima. Mpini wake ulikuwa umelainishwa na viganja vya watu kwa miaka, haukwangui mkono. Niliukata kwa msumeno wa mjomba, nikapata vipande viwili vya karibu shubiri moja na nusu. Mnyororo niliutoa chooni, wa kuvutia maji, nikaufunga kwa misumari niliyoikunja kama herufi U. Kichwa cha mwiko nikakificha chini ya kuni. Hadi leo sijui nilidhani nani hatakiona.

Sasa, nanchaku ina ubishi wake. Kijiti ulichokishika kinakwenda kwa mwendo wa mkono wako. Kile cha pili kinachelewa, halafu kinakuja kwa kasi maradufu kama mtu aliyeachwa na basi. Fimbo ya kawaida ikigonga kitu inatulia. Nanchaku ikigonga inarudi, na inakorudi ndiko uliko wewe. Mtazame Bruce Lee taratibu (siku hizi simu inatuwezesha): kila mzunguko una mahali pa kupokelewa, kwapani, begani, nyuma ya kiuno, na mkono wa pili umeshafika pale kabla ya kijiti. Hakuzaliwa nao ujuzi huo. Silaha yenyewe ni ya Okinawa, kule Japani, na aliyemwonyesha ni Dan Inosanto, rafiki na mwanafunzi wake, Mmarekani mwenye asili ya Kifilipino. Mimi pale mchangani niliona kuzungusha tu. Kupokea sikukuona.

Na nilikuwa nimeonywa! Katika The Way of the Dragon, kwenye uchochoro kule Roma, adui mmoja anaokota nanchaku, anajitutumua, anazungusha, anajilaza chini mwenyewe. Tulicheka mpaka machozi. Wiki haikuisha nikawa yeye.

Damu ya nyusi ni nyingi kuliko jeraha lake. Bibi alinikuta nimejishika uso, akaniosha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa bila neno. Nilijua maswali yanakuja, nikajiandaa kusema nimeanguka. Akauliza moja tu: "Mwiko wangu uko wapi?"

Jioni, ili hasira zimtoke, nikamsimulia mkanda mwingine wa Bruce Lee, Fist of Fury, hasa ule mwisho uliotugombanisha mtaani. Stelingi anatoka nje, bunduki zimepangwa mbele yake. Anakimbia, anaruka, bunduki zinalia, na picha inaganda yeye akiwa hewani, mguu mbele. Basi. Nusu yetu walisema amekufa. Nusu, nami nikiwemo, tulisema mkanda umekatika, kwa kuwa stelingi hafi. Hatukujua kwamba Bruce Lee mwenyewe alishafariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Bibi, mtu wa Lamu aliyeolewa Tanga, akasema: "Amekufa huyo. Hata Liyongo alikufa."

Ya Fumo Liyongo nilikuwa nikiyajua nusunusu: pande la mtu, mkuki hauingii, mshale haumwingii, ametoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Usiku ule akanipa nusu iliyobaki. Mfalme wa Pate alimrubuni mwanawe Liyongo, naye mtoto akamwuliza baba yake ni nini kinachoweza kumuua. Baba akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Mtoto akamvizia amelala, akamchoma, akakimbia. Liyongo akaamka, akachukua upinde wake, akaenda hadi karibu na kisima cha mji, akapiga goti, akapachika mshale, akavuta. Akafia pale pale, amelenga.

Watu walipokuja kuteka maji walimwona, wakarudi mbio. Siku zikapita, hakuna anayethubutu kusogea kisimani. Mama yake akaletwa ambembeleze kwa mashairi, asijibiwe. Mpaka mwili ulipoanguka wenyewe ndipo mji ukajua ulikuwa unamwogopa maiti.

Nilinyamaza. Goti chini, upinde umevutwa. Mguu mbele, hewani. Nikamwuliza bibi, huo mshale ulitoka? Akasema haukutoka. Kisha akaniambia kesho nitafute mbao ya mwiko mpya.

Ukubwani nimegundua kwamba hata Waingereza waliwahi kuwa kama watu wa kile kisima. Kwa miaka mingi wakaguzi wao wa filamu walikata nanchaku kila ilipotokea, eti vijana wataiga (kwangu mimi hawakukosea). Walifika mahali, kwenye picha ya kasa ninja ya mwaka 1991, wakakata hata soseji, kwa sababu kasa mmoja alizizungusha kama nanchaku. Soseji! Jimbo la New York nalo liliipiga marufuku mwaka 1974, na mahakama ikaja kuifuta sheria hiyo Desemba 2018.

Mwezi uliopita nilitazama tena ule mwisho, peke yangu, kwenye simu. Nikasimamisha, nikarudisha, nikasimamisha. Nikamtumia rafiki yangu wa mchangani, ambaye sasa ni babu wa wajukuu watatu na ana kovu lake kisogoni. Nikamwandikia: bwana, tukubali tu, alikufa pale.

Akajibu kwa sauti, nyuma yake kukisikika kelele za daladala: "Wewe umeanza lini kusikiliza maneno ya watu? Mkanda ulikatika."