Nilivyoshusha nyuma ya IST kwa kukata springi nusu raundi

Ukimuuliza fundi wa mtaani namna ya kushusha gari nyuma utapewa jibu moja kati ya mawili. La kwanza: "Bosi, hiyo tunaipiga gesi dakika mbili inakaa yenyewe." La pili: "Kata raundi moja na nusu, wote wanakata hivyo." Lile la gesi nililikataa palepale. La raundi moja na nusu (raundi ni mzunguko mmoja wa waya wa springi) nililifuata, na likaniharibia springi mbili. Sasa Toyota IST yangu imekaa vizuri, haigongi wala haipigi kelele, na kazi yote niliifanya kwa grenda, futi ya kamba na uzi wa kushonea.

Nianze na gesi, yaani kuichoma springi kwa moto wa gesi ili ilale, maana bado kuna watu wanachomewa kila siku. Chuma cha springi hupashwa moto mkali kiwandani, hupozwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa moto wa kadiri ili kiwe kigumu bila kuwa dhaifu kama kioo. Fundi akikichoma mpaka kiwe chekundu, kimeshaupita mbali moto ule wa kadiri na kazi yote ile imefutika. Raundi iliyochomwa inalala siku hiyo, na wiki zinazofuata inaendelea kulala. Hakuna mkono unaoweza kuchoma kushoto na kulia sawasawa, kwa hiyo gari linakaa upande. Na pale chuma kilichoiva kinapokutana na kisichoiva ndipo springi inapokuja kukatikia.

Gari lenyewe ni IST ya toleo la kwanza, ya kuvuta mbele. Ekseli ya nyuma ni boriti moja, springi imekaa peke yake na shokapu peke yake, ndiyo maana kazi hii inawezekana bila kifaa cha kubana springi. Mbele nilikuwa nimeshaweka springi fupi za dukani; za nyuma hazikupatikana. Kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi, mbele ilisoma mm 345 na nyuma mm 365. Nilihitaji kushuka mm 20 tu, na ningeanza na namba hiyo nisingeharibu chochote.

Jaribio la raundi moja na nusu nililifanya kwa springi za mtumba, elfu thelathini na kitu kwa jozi, kwa hiyo springi asili zilibaki salama. Nilikata, nikafunga, nikashusha jeki. Gari lilikaa chini kama limebeba mifuko kumi ya saruji. Nilipima: nyuma ilikuwa imeshuka zaidi ya mm 50. Mpira wa kugotea ulikuwa umebakiwa na nafasi ya kama mm 6, yaani ekseli ilikuwa karibu inaulalia gari likiwa tupu. Kwenye rasta za barabarani kila mstari ulifika kiunoni. Abiria wawili nyuma, na gari halikuwa na springi tena, lilikuwa linatembea juu ya mpira.

Hilo halikuwa baya zaidi. Nilipolipandisha gari kwa jeki tena, ekseli ikaning'inia kwenye shokapu, springi ikabaki imelegea kabisa. Niliizungusha kwa vidole viwili. Juu yake palikuwa na uwazi wa mm 35. Maana yake ni kwamba ukiruka tuta kwa kasi, tairi likishuka, springi inatoka kwenye kikalio chake na kurudi imekaa kombo, au hairudi. Ule mlio wa "kong" niliokuwa nausikia kila nikishuka kwenye tuta ulikuwa springi ikirudi mahali pake. Ukiusikia kwenye gari lako, usisubiri mwisho wa mwezi.

Kilichoniokoa ni kupima springi ikiwa imebeba gari. Watu wengi huitoa, wakaiweka mezani, wakapima nafasi kati ya raundi na raundi, kisha wakapiga hesabu. Springi yangu mezani ilikuwa na mm 42 kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya unaofuata. Ikiwa chini ya gari, tairi ziko ardhini, nafasi hiyo hiyo ni mm 30. Sasa fikiri: mzigo haubadiliki ukikata, na kila raundi inayobaki inaendelea kubonyea vilevile. Kwa hiyo kinachoondoka kwenye kimo cha gari ni urefu wa raundi uliyoikata ikiwa imebonyea, yaani 30, siyo 42. Nusu raundi ni mm 15.

Ila hiyo ni pale springi ilipo. Springi haikukaa kwenye tairi, imekaa mbele yake kidogo. Nilipima kutoka kwenye bushi ya ekseli (mpira wa mbele ambao ekseli hujipinda nao) hadi katikati ya springi, sm 36, na kutoka kwenye bushi hadi katikati ya tairi, sm 43. Gawanya 43 kwa 36 unapata 1.19. Zidisha kwa 15, tairi linapanda kama mm 18 ndani ya madigadi. Hesabu hiyo hiyo kwa raundi moja na nusu inatoa karibu mm 54, ambacho ndicho kilichonipata.

Ile 42 ya mezani nayo ina kazi yake: inakuambia kama springi italegea. Ning'iniza ekseli kwenye shokapu, pima umbali kati ya kikalio cha juu na cha chini, toa kwenye urefu wa springi iliyolala mezani. Yangu ilikuwa bado imebanwa mm 28 hata ekseli ikiwa inaning'inia. Nusu raundi inaondoa 21, zinabaki 7 za kuishika. Robo tatu ingeondoa 31.5, imelegea tayari. Kwenye IST hii yenye shokapu za kawaida, nusu raundi ndiyo mwisho. Anayetaka kushuka zaidi anunue springi fupi zilizotengenezwa hivyo pamoja na shokapu fupi. Grenda haiwezi kumsaidia.

Kukata: shokapu zikifunguliwa chini, ekseli inashuka na springi inatoka kwa mkono. Shikilia ekseli kwa jeki, usiiache ining'inie kwenye bomba za breki. Nilikata upande ambao mwisho wake unafuata duara la kawaida. Upande uliobanwa ukawa mdogo usiguswe, ukikatwa hautakaa tena kwenye kikalio. Kipenyo cha nje ni mm 111, kwa hiyo nusu raundi kwa nje ni kama mm 174. Nilikata uzi wa urefu huo, nikauzungusha juu ya waya kutoka mwisho, nikaweka alama ya chaki. Uzi ule ule kwenye springi ya pili, ndipo zinatoka pacha.

Tumia diski nyembamba ya kukatia, ile ya milimita moja. Nilifunga kitambaa kibichi sentimita mbili kutoka kwenye alama na nikapumzisha grenda kila baada ya sekunde chache. Chuma kikibadilika kuwa bluu kwenye ncha si neno, ncha haifanyi kazi. Bluu ikitambaa kuingia kwenye raundi, unaelekea kufanya kazi ya gesi. Baadaye piga tupa kingo, paka rangi, la sivyo kutu inaanzia hapo.

Kuna jambo moja hakuna aliyeniambia. Ukikata nusu raundi, mwisho wa springi unahamia upande wa pili wa duara. Mpira wa chini, ule ambao springi inaukalia, una ngazi ambayo mwisho wa waya hugotea, na sasa ngazi iko upande usio wake. Ukifunga hivyohivyo, waya unapanda juu ya ngazi na springi inasimama imeinama. Niliugeuza mpira nusu duara, nikahakikisha mwisho wa waya umegusa ngazi, nikauvalisha waya huo kipande cha bomba la mpira lililopasuliwa kwa urefu. Mlio wote wa chuma kwa chuma ukaisha hapo.

Kabla ya kushusha gari nililegeza boliti mbili za bushi za mbele za ekseli, na nikazikaza tena gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Bushi hizi hujipinda na ekseli. Ukiziacha zimekazwa kwa kimo cha zamani zinakaa zimenyongwa muda wote na zinachanika mapema.

Springi ilikuwa na raundi 6 na nusu zinazofanya kazi, sasa ni 6, kwa hiyo imekuwa ngumu kwa kama asilimia 8. Unaihisi kidogo gari likiwa tupu. Ukipakia watu watatu nyuma huihisi.

Nilipopima tena kimo cha nyuma, kushoto ilisoma mm 347, kulia 346. Baada ya wiki ya kutembea zote mbili zilikuwa 346. Taa za mbele zilikuwa zimenyanyuka kwa sababu nyuma imeshuka, nikazirudisha chini kwa bisibisi mbele ya ukuta usiku, gari likiwa na dereva ndani na tangi nusu.