Kabla hujawasha Kaburi la Vimulimuli

Kosa kubwa hufanyika kabla filamu haijaanza: mzazi anaona ni katuni, anawawekea watoto, kisha anarudi jikoni. Hotaru no Haka, inayojulikana zaidi kwa jina la Grave of the Fireflies, imechorwa kweli, lakini inamhusu Seita, kijana wa miaka 14, na Setsuko, mdogo wake wa miaka 4, waliompoteza mama yao mwaka 1945 mji wa Kobe ulipoteketezwa kwa mabomu ya moto. Mwili wa mama ulioungua unaonyeshwa. Njaa nayo inaonyeshwa hadi mwisho. Mtoto mdogo asiachiwe nayo.

Ilipotoka Japani tarehe 16 Aprili 1988 ilioneshwa pamoja na My Neighbor Totoro, katuni nyepesi na ya furaha. Ukitaka kufanya hivyo nyumbani, anza na hii, Totoro ifuate. Ukigeuza, watu wanakwenda kulala na kifua kizito.

Ina dakika 89. Anza saa mbili usiku, wote wakiwa wameshakaa, kwa sababu anayechelewa dakika tano amekosa ufunguo wa filamu nzima. Sentensi ya kwanza ni ya Seita mwenyewe, akitaja usiku aliokufa: 21 Septemba 1945. Mwongozaji, Isao Takahata, ameutoa mwisho mapema ili usihangaike kujua nani atapona, macho yako yabaki kwenye hatua moja moja iliyowafikisha pale.

Chagua sauti ya Kijapani yenye maandishi ya tafsiri chini. Filamu ya ngumi inavumilia mtafsiri anayeongea juu yake, tena huwa inanoga. Hii ina ukimya mwingi, na ukimya huo ukijazwa maneno hakuna kinachobaki. Zaidi ya hapo, Setsuko aliigizwa na mtoto kweli, Ayano Shiraishi, na sauti yake ilirekodiwa kwanza, wachoraji wakaifuata. Pumzi zake, kigugumizi chake, vyote vimo.

Pima sauti kwa mnong'ono wa Setsuko, si kwa ndege za vita. Watu wengi hupunguza mabomu yakianza, kisha nusu saa nzima hawasikii mazungumzo. Spika ya nje isaidie, ila iunganishwe kwa waya: ya bluetooth mara nyingi huchelewa kidogo, mdomo na sauti vikapishana. Kwenye mipangilio ya televisheni, zima ile inayolainisha mwendo wa picha. Hubuni picha za katikati ambazo hakuna aliyezichora, na mchoro uliokusudiwa kutulia ukaanza kuteleza. Usivute picha ijaze skrini. Zima taa inayoakisi kwenye kioo, maana matukio mengi ni ya usiku na ya handakini.

Ikibidi kusimamisha, subiri ndugu hao wanapohama nyumba ya shangazi aliyewapokea. Hapo pana pumzi. Baada ya hapo usiguse tena.

Ikiisha, acha majina yapite hadi mwisho na usiulize "funzo ni nini". Takahata mwenyewe alikataa mara nyingi kuiita filamu ya kupinga vita. Swali lenye nyama ni la shangazi. Karibu kila mtu humchukia mara ya kwanza, lakini sisi ndio tunaosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Seita hakushika jembe, na mkulima alipomshauri akaombe radhi arudi, hakurudi. Je, ni kiburi, au ni mtoto anayemlinda mdogo wake asidhalilishwe? Acheni watu wabishane.

Iacheni wiki kadhaa kabla ya kuirudia. Mara ya pili, fuata kopo la peremende. Kila linapotikiswa, sikiliza kilichomo: peremende, kisha maji ya kusuuzia utamu uliobaki. Halafu kumbuka mfanyakazi wa stesheni alitupa nini nyasini pale mwanzo.