Siku yangu moja kwenye mabeseni, mahujaji wakielekea Namugongo

Saa 10 alfajiri

Simu imelia nikaizima mara mbili, Mungu anisamehe. Hapa Lugazi, Uganda, mvua ya Mei si ya kuchezea na blanketi lilikuwa limeshika joto vizuri, lakini kwenye grupu ya watsap jajja (bibi) wa jikoni alishatuma voisi tatu na sisi wote tunajua voisi ya nne anaileta mwenyewe mlangoni kwako. Nikaamka.

Leo ni tarehe 30 Mei. Watu wengi wanahesabu sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, kuanzia tarehe 3 Juni, wanapanda basi wanaenda Namugongo walipochomwa, wanasali wanarudi. Sisi tunaokaa kandokando ya barabara ya Jinja sikukuu yetu ni hizi siku za kabla, sababu mahujaji wa kutoka Kenya wanaokuja kwa mguu wanaingilia Busia ama Malaba, wanapita Iganga, wanavuka Nile pale Jinja, wanakata msitu wa Mabira alafu wanatuangukia sisi. Wakitoka hapa imebaki Mukono, baada ya Mukono ni Namugongo kwenyewe. Parokia yetu inawapa pa kulala, chakula na maji ya moto. Mimi kazi yangu ni miguu. Na Kiswahili.

Saa 10:40

Kundi la jana linaondoka. Wanatoka mapema wakwepe jua, wamevaa zile jaketi za kung'aa maana malori ya miwa hayana huruma gizani. Uji umetoka mwepesi kidogo, nani aliyeweka maji hasemi. Padri kabariki, rozari ikaanza, wakaenda. Mama mmoja wa Eldoret amerudi mbio kuchukua chupa yake ya maji, akanikumbatia tena kama vile hatujaagana dakika mbili zilizopita.

Nimebaki na mabeseni 14 ya kusugua. Nikisugua ndo nawaza nilivoingia kwenye haya mambo, maana mimi sikuwa mtu wa parokia kabisa. Nilikuwa yule anayekaa benchi la nyuma karibu na mlango na kutoka kabla ya matangazo. Nimezaliwa Busia, mpakani pale mtoto anajua Kiswahili kabla hajajua kuvaa viatu, alafu nikaolewa huku Buganda ambako ukiongea Kiswahili sokoni watu wanashika pochi zao. Sitanii. Mama mkwe wangu alikuwa akinisikia naongea na ndugu zangu kwa simu ananyamaza tu, siku moja ndo akaniambia enzi za Amin ukisikia hiyo lugha mlangoni usiku ujue ni wanajeshi na ujue mtu anachukuliwa. Sikuwa na la kumjibu. Nikawa naongea Kiswahili nje, nyuma ya nyumba.

Sasa miaka 6 iliyopita katekista akapita sokoni akanikuta nagombana bei na dereva wa Kenya, akasimama akasikiliza mpaka mwisho alafu akaniuliza, "Nyabo, hicho ni Kiswahili cha watu au cha jeshi?" Nikamwambia cha watu, ssebo. Akasema basi Jumamosi uje, tuna Wakenya 40 na hakuna anayewaelewa wakisema wanaumwa wapi. Nilienda nikijua ni siku moja.

Saa 2 asubuhi

Sokoni. Nauza viatu vya mitumba na leo biashara ni ya kusuasua. Mteja mmoja kanitania eti "afande, punguza bei", nikamkumbusha kwamba baraza la mawaziri lilishapitisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni kwa lazima, akasema watoto wake wakifundishwa atanunua kwa bei yangu. Kapunguziwa akaenda.

Ila nataka niwaambie kitu kuhusu viatu maana hapa ndo mimi ni profesa. Kila mwaka naona watu wametoka kwao wamenunuliwa raba mpya na wajukuu, nyeupe peee, na hao ndo wanaofika kwangu wakichechemea. Kiatu kipya ndo adui wa hujaji. Chukua kile ulichokizoea mwaka mzima, ama mtumba ambao mzungu ameshaulainisha, kiwe kikubwa namba moja maana mguu ukitembea siku nzima unavimba, na soksi kavu za kubadilisha zisikosekane. Siku hizi wenzangu wa soko wananipa vile viatu visivyotoka, vyenye doa au kamba moja, naweka kwenye gunia napeleka parokiani. Leo nina pea 9. Mmoja wa waliotoa ni Mwislamu, anauza mbele yangu, anasema miguu haina dini. Mimi namwambia yako ina harufu.

Saa 7 mchana

Jikoni. Kuni zimelowa, moshi umejaa, macho yote mekundu kama tumefiwa. Posho (ndo ugali wetu), maharage, kabichi. Jajja anapiga mwiko kwenye sufuria ambalo mimi naweza kuoga ndani na ana miaka 70 na kitu, ukimwambia mama pumzika anakuuliza nani kakwambia nimechoka.

Mwenyekiti wa kamati kaja na daftari. Sabuni unasaini, taulo unasaini, ata chumvi ya kuwekea maji ya miguu eti niandike vijiko vingapi. Naelewa, mwaka juzi vitu vilipotea, lakini kaka yangu mimi nimefunga duka kuja hapa, chumvi nitaiba niende nayo wapi? Nimesaini. Nimeandika "vijiko vingi".

Saa 11 jioni

Unawasikia kabla hujawaona. Kwanza ngoma, alafu wimbo, alafu bendera inatokea kwenye kona ya miwa, na watoto wa mtaani wote wanakimbilia barabarani. Tuliambiwa 50 nikahesabu 83. Walilala Jinja, leo wamekata Mabira yote, wengine walikula kuku wa kijiti na gonja, ndizi za kuchoma, pale Najjembe na bado wanalamba vidole.

Nikasimama juu ya ngazi nikatangaza: maji iko nyuma, choo iko kushoto, wenye vidonda waje kwangu, wenye sukari wamuone nesi kwanza asiguse mtu mwingine miguu yao. Hapo katikati ya Wakenya kuna dada wa Musoma, Tanzania, aliyeungana nao Kisumu, akaniangalia kwa upole sana. Zamu yake ilipofika nikamwambia "leta mguu." Akasema, "Dada, ungesema naomba mguu nao ungekuja." Watu wakacheka, mimi nikacheka zaidi yao. Kiswahili chetu cha Busia hakijui kuomba, kinajua kuleta tu. Basi jioni nzima nikawa "naomba mguu mzee wangu, naomba mguu mama", mpaka Wakenya wakaanza kunijibu "chukua tu, si wako."

Mguu wa mtu aliyetembea wiki nzima kila mmoja una habari zake. Kuna mzee wa Bungoma, kasema ana miaka 67, huyu alivaa kavera, mfuko wa plastiki, ndani ya soksi ili mvua isimwingie. Nimevua taratibu. Maji ya mvua hayakuingia kweli ila jasho nalo halikutoka, ngozi ya unyayo imekuwa nyeupe imekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua mablanketi kutwa, kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi, na kwenye kisigino kuna lengelenge kubwa kama sarafu ya shilingi 500 linatikisika maji ndani. Zamani ningelipasua nikabandua ile ngozi, na kweli mwaka wangu wa kwanza nilimbandua kijana mmoja akapiga yowe mpaka padri akatoka sakristia. Nesi alinifokea siku hiyo mbele za watu na alikuwa na haki. Kumbe ile ngozi ndo bandeji yenyewe. Dogo unaliacha, kubwa kama hili nesi analitoboa pembeni kwa sindano safi, maji yanatoka, ngozi inabaki pale pale, unafunika. Beseni ni kwa wasio na vidonda vilivyo wazi, maji ya uvuguvugu siyo ya moto, na taulo ya huyu haimfuti yule, ndo maana nasaini taulo 12 kila siku.

Mzee alivoingiza mguu mzima kwenye maji akafumba macho akasema kwa Kibukusu kitu ambacho sikukielewa na sikuuliza.

Saa 1:30 usiku

Chakula, na varangati. Mwenyekiti kagundua kati ya wale 83 kuna watatu Waanglikana, wameachana na kundi lao njiani. Eti wao wana kamati yao na wana mahali pao. Mahali pao pako, pale Nakiyanja hukohuko Namugongo, siyo mbali na basilika yetu, lakini hapa tulipo ni Lugazi na ni usiku na mvua imeanza tena! Nikajaribu kumweleza kwamba Kabaka Mwanga, mfalme aliyewaua Mashahidi, hakuchagua, Wakatoliki waliouawa ni 22 na Waanglikana 23, na ata Papa Paulo wa Sita alipowatangaza wale wetu kuwa watakatifu mwaka 1964 aliwataja na hao wenzao. Mwenyekiti akawa anasema siyo suala la historia ni suala la hesabu ya sahani. Jajja akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza kwa Luganda, mimi nikatafsiri kwa sauti ili wote wasikie: njaa ya Kiprotestanti inafananaje, nipime posho yake?

Wakala. Sahani zilitosha.

Saa 3 usiku

Wengi wamelala chini ya ukumbi, mikeka imepangana. Mzee wa Bungoma hajalala, kakaa mlangoni na binti yangu wa miaka 10 ambaye alikuja "kunisaidia", anamsimulia habari za Karoli Lwanga, mmoja wa wale Mashahidi. Binti anaijua, shuleni wameiimba na kuichora, lakini hakuwa anajua kwamba Lwanga alichomwa peke yake, pembeni na wenzake, kwa moto wa polepole, na inasimuliwa walianzia miguuni. Akaangalia miguu ya mzee iliyofungwa bandeji. Akaniangalia mimi. Mzee akacheka akasema hapana, hii yangu ni ya kavera tu.

Nimemletea pea ya namba 43 kutoka kwenye gunia, ngozi laini, soli bado nzuri. Akaijaribu, akatembea mpaka kwenye nguzo na kurudi, akakubali. Alafu akaniuliza, na wewe mwanangu ulitembea mwaka gani? Nikasema sijawahi. Kutoka hapa? Kilomita kama 40 tu? Nikaanza kueleza, duka, watoto, mabeseni, na ni kweli kwamba tarehe 3 mimi huwa nalala kutwa naangalia misa kwenye tivii nikisinzia. Mzee hakunihukumu. Aliuliza tu mimi navaa namba ngapi.

Saa 4:20 usiku

Mabeseni yamesuguliwa. Taulo nilisaini 12, zimerudi 9. Kesho mimi na mwenyekiti na daftari lake tutaonana.