Kutoka Moshi hadi Seronera kwa ndege ndogo

Tiketi yangu ya kwenda Seronera, ndani ya Hifadhi ya Serengeti, ilikuwa ya kupandia Arusha, lakini nilianzia Moshi makusudi. Wengi hudhani habari za ndege huku kwetu zilianza na KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, mwaka 1971. Ukweli ni kwamba mwaka 1932, Imperial Airways ya Uingereza ilipoanzisha safari za London hadi Cape Town, Moshi ilikuwa miongoni mwa vituo, baada ya Nairobi na kabla ya Dodoma. Nilitaka kwanza niuone uwanja huo kwa macho yangu.

Enzi hizo ndege ndogo iliyotamba Afrika Mashariki ilikuwa Moth ya Geoffrey de Havilland, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1925. Ilikuwa ya mbao na kitambaa, na mabawa yake yalikunjwa kuelekea nyuma, hivyo mwenye shamba aliweza kuilaza bandani. Mtu aliyebuni kitu kama hicho alikuwa amewafikiria watu wanaoishi mbali na hangari.

Nikapanda kosta ya Arusha. Pale Bomang'ombe, barabara ya Sanya Juu inapokata kulia kuelekea West Kilimanjaro, niligeuza shingo. Huko juu, Ol Molog, ndiko alikokuwa na shamba daktari Michael Wood, mmoja wa waasisi wa AMREF, shirika la afya linalowafikia wagonjwa kwa ndege, mwaka 1957. Wazo la madaktari warukao lilipikwa kwenye miteremko ya mlima wetu, na mimi naona jambo hili halisemwi vya kutosha. Ndege ndogo imewafikisha kwenye matibabu watu ambao barabara isingewafikisha.

Usa River, Tengeru, foleni ya mjini, kisha Kisongo, uliko uwanja wa ndege.

Kwenye kaunta walipima mizigo, wakatupima na sisi. Uwanja wa Arusha uko mita 1,387 juu ya usawa wa bahari. Jua likishakuwa kali hewa inazidi kuwa nyepesi, mabawa yanapata nguvu kidogo ya kuinua, na ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuacha ardhi. Kila kilo ina hesabu yake.

Ndege yenyewe ilikuwa Cessna Caravan. Fundi alikuwa amefungua kifuniko cha injini, nami nikasogea hadi aliponiruhusu.

"Shikamoo, fundi. Kwa nini hizi ndizo zimejaa hapa?"

"Marahaba. Angalia bawa liko juu, halifikiwi na mawe wala vichaka. Magurudumu hayakunjwi, kwa hiyo hakuna cha kukwama. Halafu inakunywa mafuta ya ndege kubwa, yanapatikana."

Jibu hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Cessna ndogo za zamani zina injini za pistoni zinazotaka petroli maalumu ya ndege. Caravan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982, ina injini ya tabaini ya Pratt & Whitney Canada, nayo hutumia mafuta jamii ya mafuta ya taa. Fundi alipitisha kidole kwenye ukingo wa propela, akanionyesha vidonda vidogo vilivyoachwa na changarawe za viwanja vya porini, kisha akachukua tupa na kuanza kuvilainisha taratibu.

Tuliruka asubuhi. Milima ya Monduli ikapita, Bonde la Ufa likafunguka, Ziwa Manyara likang'aa. Tulipofika Ngorongoro nilikuwa nimeganda dirishani. Kwenye ukingo wa kreta ndipo alipozikwa Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani pamoja na baba yake, Bernhard. Ndege yao, Dornier Do 27 ya Ujerumani, waliipaka mistari ya pundamilia. Januari 1959 iligongana na tai, ikaanguka, naye akafa akiwa na miaka 24. Rubani wetu alikaa akiangaza mbele muda wote, nami nilielewa kwa nini.

Seronera tulishuka kwenye vumbi, wengine wakapanda, ndege ikaondoka tena.

De Havilland, Dornier, Cessna: wote wametoka mbali. Siku hizi Morogoro kuna karakana inayounganisha ndege ndogo za Skyleader, zenye asili ya Jamhuri ya Cheki, na mikono ya vijana wa Kitanzania imo. Safari yangu ijayo ni huko.