Siku moja maishani mwangu: kushinda na magazeti ya vifo

Saa 11 na nusu alfajiri. Alamu inalia juu ya kabati, nimeiweka huko makusudi, maana simu ikiwa karibu nitaingia mitandaoni kabla ya chai na mimi hiyo sheria nimejiwekea. Nafanya masta ya sosholojia hapa Nairobi, utafiti wangu ni vile magazeti yetu yanaripoti wanawake waliouliwa na waume au wapenzi wao, na picha zinazosambazwa asubuhi asubuhi kwa kweli haziendi na mandazi.

Saa 1 na nusu. Natoka Ngara kwa miguu hadi tauni. Kwa muuza magazeti nasimama, ameyatandaza chini na wanaume wameinama wanasoma vichwa vya habari bure kama kawaida, nami natega sikio. Hii haimo kwenye proposo yangu lakini ndio darasa zuri kuliko yote. Leo kuna habari ya msichana aliyepatikana ameuawa, mzee mmoja anauliza huko alienda kufanya nini, kijana anamjibu lazima alikula fare ya mtu, yaani alitumiwa nauli na mwanamume halafu asiende. Basi, kesi imeisha, hakimu hata hajaamka. Maneno ni yale yale ya Januari 2024, wakati wanawake wawili waliuawa mwezi mmoja kwenye nyumba za kukodi kwa siku hapa Nairobi, kabla watu hawajajaa barabarani tarehe 27 kuyapinga mauaji hayo. Na ni yale yale ya Aprili 2019, Ivy Wangechi alipouawa Eldoret, mwanafunzi wa udaktari mwaka wa mwisho, watu mtandaoni wakawa wanapiga hesabu ya pesa alizotumiwa. "Madam, soma lakini usikunje," muuzaji ananiambia. Nanunua moja kwa aibu.

Saa 3. Maktaba. Mafaili ya Septemba 2018, vumbi, barakoa. Hapa ndio siku yangu inaliwa. Kila habari naijazia mistari kwenye Excel: nani amenukuliwa, picha imetoka wapi, chanzo cha kifo kimeelezwaje (wivu wa mapenzi ndio bingwa), na je, mwishoni wameweka namba ya msaada kwa wanaodhulumiwa kijinsia, yaani 1195, ambayo ni ya bure na haimalizi hata nusu mstari. Wanaozungumza ni polisi, halafu jirani, halafu polisi tena. Familia ya marehemu ikipata nafasi ni ya kulia tu.

Sasa chukua Monica Kimani. Alikuwa na miaka 28, mfanyabiashara, alikuwa ametoka tu Juba kwenye biashara ya familia, akauawa nyumbani kwake Kilimani. Muulize mtu yeyote kwenye matatu kama anaijua kesi ya Monica, atakutazama tu, mwambie kesi ya Jowie na Maribe, wachumba wawili walioshtakiwa kwa mauaji hayo, hapo atakupa stori mpaka ushuke. Maribe alikuwa mtangazaji wa runinga, kwa hivyo tasnia ilikuwa inajiripoti yenyewe, na ukifuata habari zile mwezi hadi mwezi unaona marehemu anazidi kusogezwa chini ya ukurasa, mavazi na uchumba wa washtakiwa vinapanda juu. Mahakama ilimwachilia Maribe na kumtia Jowie hatiani Februari 2024, miaka zaidi ya 5 baadaye, Machi akahukumiwa kifo. Hoja yangu yote ya tasnifu iko hapo: aliyeuawa anakuwa habari siku mbili tatu, baada ya hapo habari ni ya anayeshtakiwa.

Saa 7. Chapo madondo kibandani na wenzangu wa darasa. Lazima mmoja aulize "na wanaume je?" Swali halinikasirishi siku hizi, nina jibu. Duniani wanaume ndio wengi wanaouawa, karibu 8 kati ya 10, lakini wengi wao hawauawi na mtu wanayelala naye. Kwa wanawake na wasichana, takwimu za Umoja wa Mataifa za 2023 zinasema karibu 85,000 waliuawa kwa makusudi, na 51,100 kati yao waliuliwa na wapenzi au watu wa familia. Kwao hatari iko ndani ya nyumba. Akanyamaza, akaongeza chapo.

Saa 8 na nusu. Mahojiano na mwandishi wa habari wa kaunti, jina nimemwahidi halitatoka. Nilikuja nimekunja uso kidogo, lakini nilivyomsikiliza nikaelewa kitu: analipwa kwa habari iliyochapishwa, polisi ndio wanaoshika simu kabla ya dedlaini, familia iko mochari, na kichwa cha habari anakiandika mhariri aliyeko Nairobi. "Mimi nilituma jina la marehemu na kazi yake, gazetini pakatoka 'mrembo' tu," akasema. Nusu saa nzima ya rekodi na hiyo ndio sentensi nitakayoitumia.

Saa 11. Supavaiza. Anauliza hii ni sosholojia au uanaharakati. Namwambia Prof, kuhesabu nani amenukuliwa ni kuhesabu. Anataka chapta ya mbinu Ijumaa.

Saa 2 usiku. Mamangu anapiga kutoka Mombasa. Shikamoo, marahaba, umekula? Halafu: "Mwanangu, hukupata la kusoma jengine?" Nikacheka. Baadaye kidogo akaanza kunihadithia, bila mimi kumuuliza, mambo ya jirani yetu wa zamani ambayo miaka yote hajawahi kuyataja. Sikurekodi, hilo si deta.

Saa 4. Napanga folda ya kesho, ya Agnes Tirop, mwanariadha aliyeuawa Iten Oktoba 2021. Mumewe ndiye mshtakiwa, alipewa dhamana Novemba 2023, baadaye hakutokea kortini na hati ya kumkamata ikatolewa. Nataka nione hiyo ya hati ilipewa inchi ngapi za gazeti, na ukurasa wa ngapi.