Kumbukumbu ya mradi: nani kavunja, nini kimevunjika

Daftari langu la kitenzi cha Kiingereza "break" limebadilika sura. Zamani nilipanga sentensi kwa maana: kuvunja kikombe, kuvunja ahadi, kupambazuka. Sasa nazipanga kwa wahusika: mtenda, kitendwa na kifaa, na daftari limeanza kusomeka.

Njia hii aliieleza mwanaisimu wa Marekani, Charles Fillmore, mwaka 1968. Mtoto kavunja dirisha, jiwe limevunja dirisha, dirisha limevunjika: Mwingereza anatumia "broke" ileile mara zote tatu. Kinachobadilika ni anayekaa mbele. Mtenda akiwepo, nafasi ni yake; asipotajwa, kifaa kinasogea; navyo visipotajwa, kinabaki kilichovunjika. Sisi kazi hiyo tumekiachia kitenzi chenyewe.

Hilo nililiona vizuri Mikindani, kwa mama mmoja anayebangua korosho. Vidole kavipaka jivu, maana mafuta ya ganda yanaunguza. Anailaza korosho juu ya jiwe, anagonga taratibu, ganda linaachia. Moja ikatoka vipande viwili.

"Hii imevunjika, mwanangu, weka kule."

Korosho nzima ina bei kuliko vipande, kwa hiyo neno hilo lina uzito. Ukisema "imevunjwa", kuna mtu nyuma yake hata usipomtaja. Ukisema "imevunjika", mtu hayumo kabisa. Jaribu kuongeza "na mama" uone sentensi inavyokataa.

Ukurasa ninaoupenda zaidi unahusu mguu. Mwaka 1970 Fillmore alilinganisha kupiga na kuvunja. Kiingereza kinaruhusu umpige mtu mguuni, yeye mwenyewe akiwa ndiye mpigwa. Kwa "break" hakiruhusu: unavunja mguu wake, yeye humgusi kwenye sentensi. Alitoa sababu: kupiga ni kugusa tu, kuvunja ni kubadilisha hali ya kitu. Kiswahili hakijali mpaka huo. "Alimpiga mguu", "alimvunja mguu", zote sawa, na ile -m- inamshika mwenye mguu. Kwangu hii ni sarufi yenye utu, maana anayeumia ni mtu.

Ahadi nimeiwekea alama nyekundu. Kwa Kiingereza unaweza kuivunja, lakini haiwezi "kuvunjika" yenyewe kama kikombe, kwa kuwa lazima awepo aliyeahidi. Kwetu pia naona "ahadi imevunjwa" inakaa vizuri zaidi. Ndoa, kinyume chake, inavunjika kila siku bila kutaja nani.

Nimeanza kitenzi jirani, "cut". Nilidhani kitafuata njia ileile, kumbe hapana. Kwetu kamba ya mashua inakatwa, na pia inakatika. Mwingereza hawezi kusema kamba "cut" yenyewe, kwa sababu kitenzi hicho kinadai mtenda au chombo chenye makali. Kamba ikimkatikia baharini, anarudi kuazima "broke". Kwa hiyo "kamba imekatika" nimeiandika katika kurasa zote mbili.